Makundi Tisa na Kitufe cha F5

Vratsa, 11 Septemba 2019

Shemeji Ognyan,

"Mzee wa miaka sabini na tatu hahitaji programu nyingine ya kupangia mafaili. Dirisha lililokuja na kompyuta linamtosha, na hivyo vya bure vya mtandaoni ni makapi." Ndivyo ulivyomwambia Malina mke wako, na kwa kuwa mke wako ni mdogo wangu, maneno yamenifikia yakiwa bado ya moto. Sentensi mbili tu, na ndani yake sioni ukweli wa kutosha hata kuweka kikombe.

Nani kakwambia kwamba mzee anahitaji kidogo? Baba alikuwa akiendesha mashine za kukokotoa kiwandani wakati wewe unajifunza kufunga kamba za viatu. Tangu mama afariki, miaka minne sasa, amezunguka malisho yote ya milima ya Balkani na kinasa sauti chake, akirekodi kengele za kondoo. Unajua vizuri kama mimi kwamba kila mchungaji huchagua kengele za kundi lake kwa sikio, moja baada ya nyingine, mpaka kundi liwe na sauti ambayo kundi jingine lolote halina. Wachungaji wanakufa, makundi yanauzwa, sauti zinaondoka. Baba amekusanya makundi mia tatu na themanini na nane. Chuo kizima chenye maprofesa na mazulia hakina hata kumi. Na yote hayo yamo ndani ya kompyuta moja ya nyumbani, juu ya meza ya jikoni, pembeni ya mtungi wa pilipili za kusindika.

Jumapili ananipigia simu na kuniambia ameacha. Ati masikio yamechoka. Ameweka kinasa sauti kabatini, chini ya mashuka ya mama.

Masikio ya baba hayajachoka. Yeye akisikia gari kwenye kona hujua ni la nani na linahitaji fundi gani. Kuna kitu kimetokea, na kimetokea baada ya wewe kumpelekea kompyuta mpya mwezi Agosti. Niandikie ulifanya nini, hatua kwa hatua, bila mapambo.

Zdravka

*

Sofia, 13 Septemba 2019

Shemeji Zdravka,

Barua yako imefika ikifuka moshi, nimeifungulia dirishani. Gazeti unaloliandikia likikosa mtu wa kumtukana wiki moja, lazima iwe zamu yangu?

Haya, bila mapambo. Tarehe mosi Agosti nilimpelekea mzee kompyuta mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ikinguruma kama trekta. Nikahamisha mafaili yake yote. Ile programu yake ya zamani, ile ya vyumba viwili, kushoto na kulia, sikuiweka. Kwa nini? Kwa sababu ni programu ya majaribio. Kila asubuhi inamwambia anunue, halafu inamtaka abonyeze moja, mbili au tatu ndipo imruhusu kuingia. Baba yako amebonyeza moja, mbili au tatu kwa miaka ishirini na miwili! Nusu ya nchi hii imefanya hivyohivyo, najua, na mimi nilikuwa mmojawao. Lakini nilitaka mzee awe na kompyuta safi, isiyomuuliza maswali. Je, hilo ni kosa la jinai?

Sasa nikwambie jambo ambalo Malina hataki kukuandikia. Mwisho wa Agosti mzee alinipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema, "Ognyan, nilinakili, lakini sikunakili." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Hakuna, hakuna," akaanza kuniuliza habari za mvua. Wiki iliyofuata alidai kwamba folda ya kengele ni tupu. Mimi nimeijaza kwa mikono yangu mwenyewe!

Nampenda mzee, unalijua hilo. Lakini huu ni umri, shemeji. Malina ameshaulizia daktari wa wasahaulifu. Kumwekea programu mpya sasa ni kumpa mtu aliyevunjika mguu viatu vya kuchezea ngoma ya horo.

Ognyan

*

Gorno Trapche, 17 Septemba 2019

Zdravka, mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikata kauli. Pilipili zimechomwa, zimemenywa, chupa arobaini na moja ziko rafuni. Jirani Penka alikuja kunisaidia, akaniambia naweka chumvi kama mjane. Nikamwambia mimi ni mjane. Akacheka hadi akakaa chini.

Usimgombeze Ognyan. Kaniletea mashine nzuri, tulivu, haina kelele kabisa. Mimi ndiye sifai tena. Niliweka madirisha mawili ubavu kwa ubavu, kama zamani, nikafanya kama zamani, na sasa sijui nilichokifanya. Mtu akifika mahali hapo aondoke kazini kabla hajaharibu zaidi. Kiwandani tulikuwa na mwenzetu mmoja aliyekataa kuondoka, akafuta mishahara ya watu mia sita. Sitaki kuwa yeye.

Kinasa sauti kipelekeni makumbusho. Na Malina asinitafutie daktari. Nimemsikia akinong'ona kwenye simu. Masikio bado yanafanya kazi.

Baba yako,
Hristofor

*

Vratsa, 22 Septemba 2019

Ognyan,

Jana nilikwenda Gorno Trapche. Kaa chini usome.

Nilimkuta baba jikoni, kompyuta imefunikwa kitambaa kama kioo cha nyumba yenye msiba. Nikakifunua.

"Baba, nionyeshe unavyonakili."

"Umekuja kunikagua? Watu wa umeme walikuja juzi, wao angalau wana kofia."

"Nionyeshe tu."

"Wewe toka utotoni ukishashika mfupa..."

"Siuachi, ndiyo. Chukua kadi hii yangu, jifanye ni ya kinasa sauti na umetoka malishoni leo."

Akaketi. Akavaa miwani. Na hapo, Ognyan, nilitamani ungekuwepo uone mikono ile! Akafungua dirisha moja, akalisukuma kushoto. Akafungua la pili, akalisukuma kulia. Kwa mkono wake amejijengea vile vyumba viwili ulivyomwondolea. Kushoto kadi, kulia folda ya kengele. Akaweka alama mafaili ya kushoto, hakutazama hata vitufe, kidole kikaenda chenyewe kwenye F5 kama mkono wa mwokaji unavyokwenda kwenye unga. Akabonyeza. Skrini ikapepesa.

"Tayari," akasema. "Yamenakiliwa. Kisha nafuta kadi."

Umeelewa, au nikuchoree? Katika programu yake ya miaka yote, F5 maana yake ni "nakili upande wa pili". Kizazi kizima kutoka hapa mpaka Vladivostok kinajua hivyo vidoleni, si kichwani. Katika dirisha lako "linalotosha", F5 maana yake ni "tazama tena". Dirisha linapepesa, linaonyesha kilekile, halinakili chochote na halisemi chochote. Baba aliona ule mpepeso akadhani kazi imekwisha. Akafuta kadi kwenye kinasa sauti, akapanda mlimani na kadi tupu, akarekodi juu yake. Agosti nzima na siku za mwanzo za Septemba amefanya hivyo.

Wewe ni fundi wa lifti. Mtu akiingia kwenye lifti yako akabonyeza tano, taa ikawaka, mlango ukafunguka palepale alipo, utamtafutia daktari wa wasahaulifu? Au utatazama waya?

Nilimweleza yote. Kisha akauliza, "Kwa hiyo si kichwa?"

"Si kichwa, baba."

"Una hakika? Hunifariji?"

"Lini nimewahi kumfariji mtu?"

"Hilo kweli," akasema, na akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Sasa kuhusu makapi. Nimekesha? Hapana, nimekaa mchana kweupe, nikazijaribu programu tatu za bure kabla ya kumwekea baba. Ya kwanza ni nzuri kwa macho, imepakwa rangi kama keki ya harusi, na inataka barua pepe yako kabla hujafungua folda. Nimeifukuza. Ya pili ni nyeusi tupu kama kisima, ina nguvu za punda, lakini majina ya mafaili ya kwetu inayageuza alama za kuuliza, na baba hawezi kuishi katika nyumba inayomuuliza kila kitu. Ya tatu inaitwa Dve Ratse, yaani mikono miwili. Vyumba viwili. F5 inanakili, F6 inahamisha, F8 inafuta, na kabla ya kufuta inauliza kwa adabu. Haina tangazo, haina tarehe ya kufa, haimwombi mtu abonyeze moja, mbili wala tatu.

Nilifungua ukurasa unaoeleza imetengenezwa na nani. Majina arobaini na sita, ya nchi kumi na kitu. Mtu mmoja ametengeneza utafutaji, mwingine amerekebisha jinsi herufi zetu zinavyoonekana, na menyu zote zimefasiriwa Kibulgaria na mwanamke mfamasia wa Ruse, ambaye ameandika hapo chini kwamba amefanya hivyo "ili mama yangu asiogope". Hakuna aliyelipwa. Na maandishi ya ndani ya programu hiyo yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyasahihisha, kuyagawa; hakuna atakayekuja siku moja kuizima. Mimi ninayeandika gazetini kwamba watu hawafanyi tena chochote bila kuona faida yao, nimeona haya. Nilisoma majina yale kwa sauti, yote arobaini na sita. Baba alisikiliza mpaka mwisho, na kwa yule mfamasia akainua bilauri ya pombe ya rakia.

Lakini yeye bado hataki kurekodi. Anaogopa kwamba rekodi mia tatu na themanini na nane zote zimekwenda. Folda ya kengele kweli ni tupu, nimeiona kwa macho yangu. Umezijaza wapi hizo kengele, Ognyan? Njoo uzionyeshe.

Zdravka

*

Sofia, 24 Septemba 2019

Zdravka,

Nimesoma barua yako kazini, nikiwa ndani ya lifti, nimesimama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Nimekaa humo zaidi ya ilivyohitajika.

Nilijua kwamba F5 inanakili. Mimi pia nimekulia kwenye ile skrini ya buluu ya programu za zamani! Vidole vyangu vilijizoeza upya miaka kumi iliyopita, nikasahau kwamba viliwahi kujua kitu kingine. Sikukaa naye hata robo saa nimwone akifanya kazi. Nilikunywa kahawa, nikapokea sifa, nikaondoka.

Na kuna jingine. Nilipohamisha mafaili yake nilikuwa na haraka. Mengine niliyaweka ndani ya folda ya picha, mengine kwenye folda niliyoiita "Nakala Ognyan", na mengine sikumbuki. Nilimwona yeye msahaulifu.

Jana niliiweka hiyo Dve Ratse kwenye kompyuta yangu ili nitafute kasoro za kukutupia. Sikupata. Nimepata kwamba ukiweka folda mbili ubavu kwa ubavu ukaiamuru ilinganishe, inatia rangi kila faili lisilo na mwenzake upande wa pili. Niliichezea saa mbili. Malina akaniuliza nacheka nini. Sikuwa nacheka, nilikuwa nashangaa tu: watu arobaini na sita wasionijua wamefikiria kosa langu kabla sijalifanya.

Diski ya ile kompyuta ya zamani sikuitupa. Kesho nachukua likizo, naipeleka kwa mzee. Usinitangulie kumwambia, nataka kuomba radhi mwenyewe.

Ognyan

*

Gorno Trapche, 2 Oktoba 2019

Wanangu Zdravka, Malina na Ognyan,

Naandika barua moja kwenu wote, ili nisiulizwe mara tatu.

Ognyan alikuja. Alisimama mlangoni na diski mkononi kama mtu aliyeleta kuku kuomba uchumba. Akasema, "Baba mkwe, mimi ni punda." Nikamwambia ndani, kuna supu ya maharage, punda nao hula. Hatukurudia tena jambo hilo.

Tuliweka diski ya zamani kushoto, mashine mpya kulia, tukaiamuru ilinganishe. Safu ndefu ikaanza kushuka. Nilishika ukingo wa meza. Ognyan alikuwa akisoma: ipo, ipo, ipo. Tulikuta nyingine ndani ya picha za harusi yenu, Malina, na sitini na mbili ndani ya folda isiyo na jina iliyokuwa ndani ya folda nyingine isiyo na jina. Mpaka jua linafika juu ya mnara wa kanisa tulikuwa tumezirudisha zote nyumbani. Mia tatu na themanini na nane. F5, F5, F5. Kila mara nilingoja nione faili limetokea upande wa pili. Sasa nitafanya hivyo mpaka nife, na si vibaya.

Kisha Ognyan akagusa kitu, na chini ya mafaili yakatokea maneno. Maelezo yangu! Miaka yote nimekuwa nikiandika mstari mmoja chini ya kila rekodi, nani mchungaji, malisho gani, kengele zipi. Kwenye lile dirisha jingine hayakuonekana kabisa, nikaamini nimeyafuta. Yalikuwepo muda wote, yamekaa kimya. Ognyan alianza kuyasoma kwa sauti. "Kengele ya nne ina ufa, mchungaji hataki kuibadilisha, anasema kondoo wanaijua." "Mvua ilianza dakika ya tatu, nimeiacha." Na kwenye kundi moja la juu ya Petrohan, ambalo kengele yake kubwa haipatani na nyingine hata kidogo: "Hii ni Zdravka." Alicheka mpaka Penka akaja kuchungulia. Samahani, mwanangu. Ni kundi zuri kuliko yote niliyo nayo.

Na kila asubuhi sasa nafungua mashine bila kuomba radhi kwa kitufe cha moja, mbili au tatu. Hamjui lilinisumbua kiasi gani. Nimemwandikia yule mfamasia wa Ruse kumshukuru, nikamtumia pia makosa mawili ya tafsiri niliyoyaona. Amejibu siku hiyohiyo, amesema menyu zitasahihishwa kwenye toleo lijalo. Kwa hiyo mimi ni wa arobaini na saba.

Sasa baya. Daftari langu linasema kwamba Agosti na mwanzo wa Septemba nilirekodi makundi tisa. Hayapo. Ognyan alijaribu kuyafukua kutoka kwenye kadi, akapata vipande vya sekunde mbili mbili, na kikohozi changu. Makundi sita bado yako malishoni. Wachungaji wake wazima, nimewapigia simu, wamesema njoo. Lakini siku ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba, wanateremka, kengele zinavuliwa, na nani anajua wangapi watapanda tena Mei. Ognyan amesema atanipeleka na gari lake, siku zote sita. Nimekitoa kinasa sauti chini ya mashuka.

Matatu hayapo tena. Mzee Tsono, Bay Tsono wa Kamenna Polyana, alikufa siku kumi na mbili baada ya mimi kumrekodi. Stamena aliuza kundi akaenda kwa binti yake, Varna. Ndugu wawili wa Genovi wameacha. Kengele zao ziliuzwa kwenye soko la Dolna Mahala, kwa vifurushi, kwa watu nisiowajua. Bay Tsono alikusanya zake kwa miaka hamsini. Mara ya mwisho aliniambia, "Sasa ninazo zote, haikosi hata moja." Mimi ndiye niliyekuwa nimezishika, na mimi ndiye niliyezifuta. Hilo hakuna programu ya kulirekebisha.

Baba yenu,
Hristofor

*

Vratsa, 5 Oktoba 2019

Kwa mhariri, na ninaomba barua hii ichapwe ukurasa wa mbele, si pembeni ya utabiri wa hali ya hewa.

Baba yangu, Hristofor, wa Gorno Trapche, ameandika kwamba kuna jambo ambalo hakuna programu ya kulirekebisha. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumpinga hadharani, na ninampinga kwa furaha. Programu haiwezi, kweli. Ila yeye amesahau kwamba sauti ya kundi haikuwa ndani ya kadi. Imo ndani ya shaba, na shaba ipo, kwenye nyumba za watu wa wilaya hii wanaosoma gazeti hili.

Kwa hiyo siwaandikii wasomaji wote. Ninawaandikia watu wachache.

Wewe uliyenunua kengele kumi na tisa za marehemu Tsono kwenye soko la Dolna Mahala, na nyinyi mliogawana za ndugu wa Genovi, na wewe mwenye mgahawa uliyetundika za Stamena juu ya kaunta, ambapo watalii wanazigonga kwa uma: ni zenu, mmezinunua kwa haki, hakuna anayezitaka. Ninazitaka kwa saa moja. Jumamosi tarehe 19 Oktoba, saa nne asubuhi, zileteni uwanjani kwa baba yangu, zikiwa kama zilivyo, na mikanda yake kama bado mnayo. Jirani Penka ana kondoo thelathini na wawili na amekubali kuwaazima. Tutawavika, na baba atarekodi. Mtu yeyote aliyewahi kuchunga na Tsono aje pia, atuambie ipi ilitangulia na ipi ilifuata, kwa sababu mpangilio huo haukuandikwa popote.

Na wewe uliyenunua moja tu ya Tsono, ndogo, kwa ajili ya mlango wa nyumba yako, ukawa unajiambia kwamba moja haina uzito: Tsono alisema haikosi hata moja. Ivue mlangoni. Ilete.

Zdravka Hristoforova